Hadubini Kumi na Mbili

Alhamisi, alfajiri bado nzito, napakia gari:
hadubini kumi na mbili, kila moja na blanketi lake,
vipande vya kioo, dropa, taulo kuukuu,
na wanafunzi watatu wa mwaka wa pili
wanaopiga miayo hadi taya zinalia.
Mimi ni fundi wa maabara ya chuo. Shahada sina.
Nina funguo.

Kutoka Bangor kupanda huko ni saa nzima,
mvua ikituandama kama deni.
Kisha vinatokea vilima vyeusi vya vigae vilivyovunjika,
masalia ya wachimbaji walioezeka nusu ya dunia
wakarudi kulala chini ya paa linalovuja.
Shule iko hapo katikati, taa zake zinawaka mchana.

Mwaka wa kwanza tulikuja kama wageni wa harusi:
tukapokewa, tukapigwa picha, tukaondoka.
Watoto walichungulia bawa la nzi tulilokuja nalo,
wakasema "aa" kwa adabu,
kama mtu anayeonyeshwa picha za ndugu za watu.

Mwaka wa pili Mwalimu Eluned alisimama mlangoni,
mkono kiunoni, hata chai hajamimina:
"Msituletee vitu. Leteni macho tu.
Vya kutazama tunavyo."

Basi wakatoka, watoto ishirini na watatu,
wakatawanyika uani na makoti yao ya mvua.
Mmoja akaleta kutu ya lango.
Mmoja akaleta mate yake mwenyewe.
Na Tegid, ambaye tangu Krismasi
hakuna darasani aliyeisikia sauti yake,
akarudi na kiganja kimefumbwa:
kipande cha kuvumwani, kijani, kinachuruzika,
amekibandua ukutani nyuma ya jiko.

Hollis alipiga magoti sakafuni penye maji.
Hollis wa Birmingham, Kiwelisi chake kinaishia kwenye asante.
Akakamua tone, akarekebisha lenzi, akanyamaza.
Kisha akasogea kando. Akamwonyesha kiti.

Tegid akainama.
Ndani ya tone, mnyama mnene kama andazi,
miguu minane, anakwenda bila haraka,
kama mzee anayetafuta miwani yake chumbani.

"Ana kucha," alisema Tegid.

Kijiko kilimdondoka Mwalimu Eluned.
Mabli, msichana wa dawati la mbele, akawa mkalimani,
maneno yakapita kwake huku na huku:
Mvua ikikatika, anakwenda wapi?
Haendi. Anajikunja, anakauka, anangoja.
Muda gani?
Miaka, pengine.
Na anajuaje kwamba anangoja?

Hapo Hollis akafungua mdomo, akaufunga.
Akatoa kalamu, akaliandika swali mkononi,
na jioni likateremka nasi milimani
likiwa limeloa kidogo penye herufi za mwisho.

Siku ya pili nilimwona profesa, mwenye tuzo ukutani,
akilisoma kwenye kile kiganja, akakuna kichwa.
Akalihamishia ubaoni. Akapiga mstari: *Lisifutwe.*
Mfagizi analizunguka hadi leo.

Tangu hapo sisemi tena tunakwenda kuwafundisha.
Nasema tunapanda.

Juzi, saa ya kufunga, nilihesabu mabegi:
kumi na moja. Nikahesabu tena.
Nikaangalia dirishani, kioo kimefuka mvuke:
vichwa viwili vimegusana juu ya ile iliyobaki,
Tegid anazungumza, anazungumza,
na Mabli, kwa mara ya kwanza, hana zamu.

Nilifunga mlango wa gari polepole usilie.

Jumatatu daftari la stoo lilinitaka maelezo.
Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri:
Hadubini namba saba. Inafanyiwa kazi.

Uongo uko wapi?